Mito ya karavani imebonyea, imepasuka na imeota ukungu: niongeze unene?

"Shikamoo fundi. Tunaishi Moshi. Mwaka jana nilinunua karavani iliyotumika, tela la kukokota na gari, lenye benchi mbili na meza katikati. Usiku meza inashushwa, mito ya mgongoni inalazwa juu yake, tunapata kitanda cha watu wawili. Mito tuliyoikuta ilikuwa imechakaa, nikanunua magodoro ya inchi 4 yaliyoandikwa hai densiti, yaani sponji nzito, fundi wa mtaani akayakata na kuyavisha reksini pande zote. Tukaenda Pangani, baadaye tukalala siku tatu Ngorongoro, kambi ya Simba. Haijapita miezi mitano, ukikaa unausikia ubao, kona mbili zimepasuka kwenye mshono, na juzi nimeinua mto nikakuta ukungu mweusi na ubao umelowa, ilhali paa halivuji. Mke wangu anaamka mgongo unamuuma. Fundi anasema tuweke inchi 6. Jirani anasema ninunue ile ngumu kabisa ya wagonjwa wa mgongo. Mwenye duka ananishauri ngozi halisi. Nifuate la nani?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Kwa sasa usifuate la hata mmoja. Kila mmoja wao ameshika tatizo moja akaliacha jingine, na wewe unaona una matatizo matatu: sponji mbovu, mshono mbovu, unyevu usiojulikana unatoka wapi. Sponji kweli ina walakini, nitafika hapo. Lakini hayo mengine mawili yana mzazi mmoja, na mzazi huyo ni hewa isiyokuwa na njia.

Sponji ya godoro hutengenezwa kwa kuchanganya vimiminika viwili vya kemikali pamoja na maji kidogo. Maji yale yakikutana na kemikali hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi. Ukishakauka, kinachobaki ni wavu wa plastiki wenye vijumba vilivyopasukiana. Katika sponji yenye uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo, plastiki yenyewe haifiki sehemu 3 kwa 100. Zilizobaki zote ni hewa. Ukikaa, hewa inatoka, ukiinuka, inarudi. Ndiyo kazi ya mto usiku na mchana.

Sasa mto wako umevishwa reksini juu, chini na pembeni. Reksini ni kitambaa kilichopakwa plastiki, haipitishi hewa wala maji. Mtu wa kilo 80 akijitupa hapo, hewa inatokea wapi? Inatafuta matundu ya sindano, na pale penye mkazo mkubwa, yaani kwenye kona, inapanua tundu moja hadi likutane na la pili. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu hapa Arusha nilishona viti vya gari la watalii kwa reksini nzuri, nikaifunga vizuri kama mtungi. Dereva alirudi baada ya safari moja akaniambia, "Fundi, viti vyako vinapiga mluzi." Nikakaa mwenyewe, kikapiga mluzi kweli, na nilipokigeuza nikakuta mshono wa kona umeachia kama sentimita tatu. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga mto wa reksini bila kuuachia pumzi.

Lipo na kosa la pili kwenye kona zako, ingawa sijaziona. Mafundi wengi hushona reksini kwa hatua ndogo ndogo, milimita 2, wakidhani ndiyo uimara. Kwenye kitenge sawa. Kwenye reksini kila tundu ni jeraha lisilopona, na ukiyapanga karibu karibu umetengeneza mstari wa kuchania, kama ule wa kwenye karatasi ya stempu. Hatua ya milimita 4 ndiyo salama. Tumia uzi wa polyester au nailoni, si wa pamba, maana wa pamba huoza ukilowa.

Tuje kwenye maji. Umesema paa halivuji, nami nakuamini. Watu wawili wakilala kwenye chumba kidogo kilichofungwa, usiku mmoja wanatoa mvuke wa kujaza glasi kadhaa, kwa pumzi na kwa jasho lisiloonekana, kabla hujachemsha hata chai. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na baridi ya pale unaijua. Ndani ya karavani nyie mmeleta joto, lakini mto unalizuia lisifike kwenye ubao. Kwa hiyo ubao chini ya mto ni miongoni mwa sehemu za baridi zaidi chumbani. Mvuke ukipenyeza hapo unageuka maji, kama unavyoona nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Reksini ya chini haiyaachii yapande juu, ubao hauyaachii yashuke. Nao mto, kila mtu akiinuka, unavuta kupitia matundu ya sindano hewa ileile yenye unyevu na kuiweka ndani. Pangani nako mlikuwa mmeshapaka chumvi ya bahari, na chumvi huvuta maji hata siku ya jua. Ukungu ulikuta nyumba imeshajengwa.

Ndiyo maana ukiweka inchi 6 ndani ya reksini ileile, utakuwa umenunua ukungu mnene zaidi.

Sasa sponji yenyewe. "Hai densiti" ni maneno ya kwenye lebo, si kipimo. Kipimo ni kilo kwa mita ya ujazo, na unaweza kukipata nyumbani kwa mizani ya kawaida. Chukua mto wa benchi, mfano una urefu wa sentimita 185, upana 60 na unene 10. Zidisha kwa mita: 1.85 mara 0.6 mara 0.1, unapata mita ya ujazo 0.111. Vua kava, pima sponji ikiwa kavu. Ukikuta kilo 2, umeuziwa sponji ya kilo 18, hiyo ni ya mtoto kulalia. Ukikuta karibu kilo 4, ni sponji ya kilo 35, na hapo nitashangaa kwamba imebonyea mapema hivyo. Mimi kwa benchi ya kukaliwa kila siku sishuki chini ya 30.

Uzito nao una ujanja wake. Wapo watengenezaji wanaoongeza unga wa chokaa kwenye mchanganyiko ili sponji iwe nzito kwenye mizani. Ili usidanganywe, shika ncha ya kona uivute kwa vidole. Sponji nzuri hurefuka na kukatalia. Iliyojazwa chokaa hukatika kama mkate mkavu. Halafu weka kipande sakafuni ukipigie goti taratibu. Iliyo nzuri inakupokea kwa upole mwanzoni, kisha kadiri unavyozama ndivyo inavyokataa. Iliyo mbovu inakataa kidogo mwanzoni, halafu inaachia ghafla hadi chini. Duka litakalokukatalia kupiga goti, hama.

Hapa ndipo jirani yako alipochanganya mambo mawili. Uzito wa sponji na ugumu wake si kitu kimoja. Uzito unaeleza itadumu kiasi gani. Ugumu unaeleza inasukuma kwa nguvu gani leo. Ipo sponji nzito na laini, ipo nyepesi na ngumu, na hii ya pili ndiyo inayowanasa wengi: dukani inajisikia imara, baada ya miezi mitatu imekuwa shimo.

Na usishangae kwamba godoro la aina hiyohiyo linaweza kudumu miaka chumbani kwako. Ukilala, uzito unagawanyika toka kisigino hadi kisogo. Ukikaa, karibu wote unateremka kwenye mifupa miwili ya makalio, eneo la viganja viwili. Tena godoro zima hubebana, sponji ya pembeni inaisaidia ya katikati, ilhali ukilikata kuwa ukanda wa sentimita 60 unaondoa majirani hao.

Kuhusu inchi 6, chukua futi upime kabla hujalipa. Benchi za karavani mara nyingi ni sanduku la sentimita 35 au 36 kwenda juu. Ongeza mto wa 10 unaobonyea hadi 8, unakaa kwenye 44, miguu inagusa sakafu, mapaja yanapita chini ya meza. Weka wa 15, unakaa karibu na 49, miguu inaning'inia na mapaja yanagonga meza. Halafu mito ya mgongoni: ndiyo inayojaza katikati ya kitanda, kwa hiyo lazima iwe na unene uleule wa benchi, la sivyo mtalala kwenye ngazi. Ukiifanya ya 15 nayo, inakula kina cha kiti, zile sentimita 60 zinabaki 45 za kukalia. Fundi wako hakusema uongo kwamba unene husaidia. Amesahau tu kwamba karavani si sebule.

Ninachokushauri ni kubaki kwenye sentimita 10 lakini kwa matabaka mawili: chini inchi 3 ya sponji ngumu ya kilo 35, juu yake inchi 1 ya sponji laini. Ukikaa, la chini linakuzuia usiufikie ubao. Ukilala ubavu, la juu linapokea bega na nyonga. Ile ngumu kabisa peke yake itamfaa anayelala chali. Anayelala ubavu ataamka bega limekufa ganzi. Yagandishe matabaka kwa gundi ya mpira pembezoni na kwa nukta chache katikati. Usipake gundi uso mzima, itaziba vijumba na kukauka kuwa ganda utakalolisikia mgongoni. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko la gesi, maana mvuke wa gundi hiyo unashika moto.

Shemeji muulize analala upande gani na nyonga yake inaangukia wapi. Kwenye vitanda vya kuunganisha, mara nyingi maumivu yanatoka kwenye kiungio kati ya mto na mto, si kwenye sponji. Kama kiungio kiko chini ya nyonga, badilisheni upande wa kulala kabla ya kununua chochote. Lakini kama maumivu yanateremka mguuni, au anapata ganzi, au yanaendelea wiki mbili akiwa amelala kitanda cha nyumbani, hapo muone daktari. Hilo si la fundi sofa.

Ngozi halisi kwenye karavani, hapana. Ni ghali, inaota ukungu yenyewe, na ikiachwa juani na kulowa kwa zamu inakakamaa. Reksini nayo jua huinyonya mafuta yanayoilainisha ikaanza kupasuka, ila sikukatazi kabisa: inafaa kwa ule ukanda wa mbele unaopigwa na viatu vya watoto. Juu weka kitambaa cha makochi cha polyester kilichofumwa kwa karibu. Kishike, weka mdomo, puliza. Kama pumzi inapita upande wa pili, hewa ya mto nayo itapita. Chini kabisa, pale pasipoonekana, weka wavu mgumu wa nailoni au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Hilo peke yake lingeokoa kona zako na nusu ya ukungu wako.

Nusu ya pili iko kwenye ubao. Wazee wetu walilala kwenye teremka tukaze, kitanda cha kamba, na pamoja na usumbufu wa kuteremka kila mara ili kamba zikazwe, hakuna aliyelalamika godoro lake limeoza chini. Hewa ilikuwa inapita. Wewe toboa plaiwudi ya benchi matundu ya milimita 25, moja kila sentimita 10 au 12, ukiacha kingo na pale inapokaa juu ya fremu. Kisha, kabla ya mto, tandika mkeka wa usumba wa unene wa sentimita moja au mbili. Nyuzi za makumbi ya nazi ni ngumu, hazishikani, zinaacha njia ya hewa pande zote. Mkiwa Pangani tena mtaupata bila shida. Usisahau kuuhesabu kwenye kimo cha kiti.

Sasa kushona, na hapa nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu ndipo pesa inapopotea. Usikate sponji kwa vipimo vya futi peke yake. Kuta za karavani zimepinda, kona zake si za mraba, na benchi ya kulia si pacha wa ya kushoto. Tandika magazeti au maboksi juu ya kila benchi, chora kando ya ukuta, kata, andika "kulia juu" kwa kalamu nene. Kata sponji kubwa kuliko kielelezo chako kwa sentimita moja kila upande. Kava lishonwe kwa kipimo cha kielelezo chenyewe. Watu hufanya kinyume, wanakata kava kubwa ili liingie kirahisi, na ndiyo ile mito inayokunjamana kama goti la tembo. Sponji ikibanwa kidogo ndani ya kava inajaza kona na kulivuta kitambaa likae wima. Ukiizungushia faiba nyembamba, ile pamba bandia ya polyester, juu na mbele kabla ya kuivisha, itateleza na kuingia, na kitambaa hakitasuguana na sponji moja kwa moja.

Zipu iwekwe kwenye ukanda wa nyuma, tena ipinde kona mbili na kuingia pembeni sentimita 7 hivi kila upande. Bila hivyo utapigana na mto kila unapotaka kufua. Paipini ya ukingoni, ile kamba nyembamba iliyofunikwa kitambaa kwenye mshono, kitambaa chake kikatwe mshazari. Kikikatwa moja kwa moja kitavuta kona na kuzikunja. Kwa mito minne, miwili ya 185 kwa 60 na miwili ya 185 kwa 40, kitambaa chenye upana wa sentimita 140 kitahitajika kama mita 7, na mita 4 za kitambaa cha chini. Ukifika Kariakoo utashawishiwa mita 12. Mshukuru, nunua 7, na moja ya akiba kama kitambaa kina maua yanayotakiwa kulingana.

Cherehani ya nyumbani itashona kitambaa cha kochi ukiweka sindano namba 16 au 18, lakini pale inapokutana paipini, zipu na matabaka manne itaruka au kuvunja sindano. Kona hizo mpelekee mwenye mashine nzito ya kushonea viti, ile ambayo mguu wake unatembea pamoja na kitambaa. Unaweza kukata na kupiga pini kila kitu mwenyewe, ukamlipa kwa mshono tu.

Je, unaweza kuokoa pesa kwa kubakiza makava ya sasa? Unaweza. Fumua upande wa chini, ondoa reksini, weka wavu, badilisha sponji. Itakupa msimu mmoja au miwili. Lakini mshono wa milimita 2 bado upo kwenye kona zilizobaki, kwa hiyo usiweke pesa nyingi kwenye faiba wala mapambo. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua sponji. Kava hushonwa tena. Sponji mbovu hairekebishiki.

Sponji yenye madoa meusi yaliyoingia ndani tupa, usiifue. Haikauki katikati. Ubao usugue ukiwa nje, mdomo na pua umefunika, kwa maji ya sabuni, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Ukichoma bisibisi na inazama kama kwenye boga, plaiwudi imeoza, mwite seremala aangalie na fremu. Na ikiwa umekausha, umetoboa, na maji yanarudi hata msipolala humo, basi kuna mahali panavuja kwenye dirisha au kiungio cha ukuta. Hapo inabidi mtu aje na hosi, amwagie maji nje huku mwingine akiangalia ndani. Mwenye pumu nyumbani kwako asishike kazi ya kusugua.

Jambo moja hukuniuliza. Sponji ya aina hii ikishika moto inawaka haraka, na moshi wake una sumu ya kaboni monoksaidi na sianidi. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1988, samani zenye sponji, pamoja na za ndani ya karavani mpya, zinatakiwa ziwe za kuhimili moto. Kama karavani yako ilitoka huko na mito ya zamani hujaitupa, tafuta lebo yake. Huenda sponji ile iliyochakaa kwa nje ina thamani kuliko uliyonunua. Sponji ya godoro la kawaida usidhani imetiwa dawa hiyo. Muulize muuzaji, na vyovyote atakavyojibu, mto usikae jirani na jiko, na dirisha moja liachwe wazi vidole viwili usiku. Dirisha hilohilo litatoa na ule mvuke.

Mkirudi safari, msiiache mito imelala. Isimamishe kwa ubavu, zipu wazi, milango ya masanduku ya benchi wazi, siku mbili kabla ya kufunga karavani. Na kabla ya yote, pima sponji uliyonayo kwenye mizani, uniandikie kilo ulizopata pamoja na urefu, upana na unene, nitakuambia kama kuna kipande cha kuokoa kwa tabaka la juu.